Imekuwaje? Utetezi wa Mtazamaji Mbishi

Wapo wanaodhani kwamba mtazamaji anayelalamika kuwa tamthilia haina mantiki ni mtu wa kuharibu starehe za wenzake. Watu wametulia sebuleni, wanafuatilia mapenzi na usaliti, ghafla yeye anauliza: "Huyu amejuaje kwamba barua imefichwa pale?" Anajibiwa kwa haraka kwamba hilo ni igizo tu, anyamaze wenzake watazame. Katika makala haya nataka kumtetea mtu huyo. Namtetea nikiwa mhadhiri, lakini zaidi nikiwa mtoto wa Kahama, mji ambao watu wake wameishi jirani na dhahabu kwa muda wa kutosha kutodanganyika upesi kuhusu jinsi inavyopatikana.

Shangazi yangu amekuwa mama ntilie wa machimboni kwa zaidi ya miaka ishirini. Alianzia Nyarugusu, akahamia Rwamgasa, kisha akarudi Kahama mguu ulipoanza kumsumbua. Siku hizi jioni zake ni za king'amuzi. Likizo iliyopita tulitazama pamoja tamthilia moja ambamo kijana maskini anakwenda machimboni, na baada ya matangazo ya biashara anarudi mjini akiwa na gari, nyumba na mchumba mpya. Shangazi hakushangazwa na gari. Alichouliza ni hiki: "Miezi yote hiyo alikula kwa nani?"

Kwa asiyeyajua maisha ya machimbo, swali hilo linaweza kuonekana dogo. Duara halichimbwi kwa bidii pekee. Kuna mwenye leseni, kuna mwenye duara, na mara nyingi kuna mfadhili anayetoa fedha za mafuta ya pampu, kamba, baruti, matimba ya kuzuia kuta zisiporomoke, na chakula. Wachimbaji wengi hawana mshahara. Wanasubiri mgawo wa viroba vya mawe siku watakapoufikia mwamba wenye dhahabu, na siku hiyo huenda isifike. Mawe yakipatikana hupelekwa kwenye karasha yakasagwe, unga huoshwa mwaloni, dhahabu hunaswa kwa zebaki, kisha huchomwa, ndipo hupimwa kwa gramu. Katika kila hatua yupo mtu anayedai chake. Muda wote huo wachimbaji wanakula kwa mkopo, na daftari la madeni linashikwa na mama ntilie. Shangazi bado anayo madaftari hayo. Mengine yana majina ya watu walioondoka usiku bila kulipa, na mengine yana majina ya watu ambao hawakutoka chini. Alipouliza kijana yule alikula kwa nani, alikuwa anaulizia sehemu ya hadithi anayoijua kuliko mtunzi, yaani sehemu yake mwenyewe, ambayo mtunzi ameikata.

Mwanawe, ambaye ni binamu yangu, anafanya kazi maduarani na hutazama filamu katika kibanda umiza pamoja na wenzake. Nimekaa nao mara kadhaa kwenye yale mabenchi, na nimegundua kwamba ukosoaji wao una ngazi. Kuna makosa wanayoyacheka na kuyasamehe. Kofia ngumu inang'aa kana kwamba imetoka dukani asubuhi hiyo. Mtu yuko chini ya ardhi lakini uso wake unaonekana kwa mwanga wa mchana. Kipande cha dhahabu kinameremeta kama kisahani cha shaba, ilhali dhahabu iliyotoka kuchomwa huwa imefifia na ina vitundu kama sifongo. Hapo benchi zima hucheka, mmoja akasema waigizaji hao wapelekwe zamu moja tu ya usiku, kisha utazamaji unaendelea.

Kosa wasilolisamehe ni lile la sababu kukosekana. Mfadhili aliyekuwa akidai mamilioni anasamehe deni bila kuambiwa chochote. Polisi wanafika kijiji kisicho na barabara dakika ileile steringi anapohitaji kuokolewa. Ndugu wawili waliogombana kwa mwaka mzima wanapatana kwa kuwa tu kipindi kinakaribia kuisha. Hapo watu hawacheki. Wananung'unika, na wengine huinuka wakatoka. Wanajua kanuni ya kibanda umiza kwamba steringi hafi, na wameikubali toka utotoni. Wanachodai ni kuonyeshwa amenusurikaje.

Ndiyo maana hoja ya "ni igizo tu" hainiridhishi. Inachukulia kwamba watazamaji hawa wanashindwa kutofautisha ubunifu na uhalisi. Watu haohao walifuatilia kwa mapenzi makubwa tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili na kurushwa na Azam. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika Istanbul, na hakuna anayejua ikulu ya karne ya 16 ilinukaje. Lakini Ibrahim Pasha alipoporomoka, kila mtu pale kwenye benchi aliweza kueleza nani alinong'ona nini, kwa nani, na kwa nini Sultani aliamini. Aristotle aliligusa jambo hili zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita alipowashauri watunzi kwamba katika utungaji jambo lisilowezekana lakini likaaminika lina nafuu kuliko jambo linalowezekana ambalo halishawishi. Wachimbaji wa Kahama wamelifikia wazo hilo bila kupita darasani kwangu.

Tena wao wana sababu ya pekee ya kulielewa, kwa kuwa wameishi na tukio ambalo mtunzi yeyote angeambiwa amezidisha chumvi. Tarehe 5 Oktoba 2015 kifusi kiliwafunika wachimbaji katika machimbo ya Nyangalata, wilayani Kahama. Watu walikata tamaa, na nchi ikaendelea na uchaguzi mkuu wa mwezi huo. Tarehe 15 Novemba, siku 41 baadaye, watano walitolewa wakiwa hai. Mwenzao mmoja alikuwa amefariki humo chini. Wachimbaji 33 wa Chile walikaa chini siku 69 mwaka 2010, lakini wao baada ya siku 17 walipatikana, na tangu hapo wakapelekewa chakula na dawa kupitia tundu lililotobolewa. Wa Nyangalata hawakuwa na tundu. Mtu akisimuliwa habari hii kwa sentensi moja huikataa. Akielezwa kwamba kulikuwa na maji yaliyodondoka kwenye mwamba, kwamba walikula vyura, mende na wadudu wengine waliowapata gizani, anaanza kuiamini, na akiiamini anaumia. Hata ukweli wenyewe unahitaji kuelezwa imekuwaje. Ikiwa tukio lililotokea kweli linahitaji maelezo hayo, basi hadithi ya kubuni haiwezi kudai msamaha.

Katika sehemu yetu ya nchi mtazamaji hajawahi kuwa mtu wa kunyamaza. Katika mashindano ya ngoma za Wasukuma, Bagika na Bagalu hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na kundi linalovuta watu wengi zaidi ndilo linaloshinda. Hakuna jopo la majaji mezani. Mtazamaji hupiga kura kwa miguu yake: ukimchosha anahamia upande wa pili, na kila mtu anaona. Wasanii waliolelewa katika utaratibu huo walilazimika kumheshimu yule aliyesimama mbele yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Mlama, walifanya kazi ya sanaa za maonyesho kwa maendeleo huko Malya, mkoani Mwanza. Kijiji kilichambua matatizo yake kwa ngoma na maigizo, na baada ya onyesho wanakijiji walijadili walichokiona. Mtu aliyesema "sisi hapa haiko hivyo" hakuwa msumbufu. Alikuwa ndiye mchangiaji aliyetarajiwa.

Redio nayo ilijifunza hilo. Twende na Wakati, mchezo ulioanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993, ulikuwa na Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima. Kwa miaka miwili ya mwanzo haukurushwa kutoka kituo cha Dodoma, ili watafiti waweze kulinganisha waliousikia na wasiousikia. Wasikilizaji waliufuata kwa sababu anguko la Mkwaju lilijengwa taratibu, sehemu baada ya sehemu, kwa uamuzi mmoja baada ya mwingine. Tunu, mkewe, hakuamka siku moja akawa mtu mwingine. Tulimsikia akibadilika, tena tulijua kilichombadilisha.

Haki inanitaka niseme neno kwa ajili ya watunzi na waongozaji wetu. Wanafanya kazi kwa siku chache na bajeti ndogo, wengi wao wakiwa Dar es Salaam, na kusafirisha kundi zima hadi Geita kwa ajili ya onyesho moja la duara ni gharama kubwa. Najua pia kwamba runinga inayorusha vipindi kila siku hudai kurasa nyingi kuliko kichwa kimoja kinavyoweza kufikiri. Lakini swali la shangazi halikuhitaji bajeti. Mwigizaji mmoja mwenye daftari na sufuria angetosha, na pengine angekuwa mhusika bora kuliko yule mchumba mpya.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya nilichukulie suala hili kwa uzito. Hadithi inapokata namna mali ilivyopatikana, pengo halibaki wazi. Linajazwa. Na katika filamu zetu nyingi limejazwa na mganga. Kanda ya Ziwa kila mtu analijua neno ndagu: dawa ya utajiri ambayo inasemekana hudai malipo ya damu, mara nyingi ya ndugu. Filamu haionyeshi mfadhili, haionyeshi mkopo, haionyeshi zile siku ambazo mwamba ulitoa mawe matupu. Inaonyesha maskini, kisha kibuyu, kisha tajiri. Mzee mmoja mwenye maduara aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, akihesabu noti za mafuta ya pampu: "Mwalimu, ukificha gharama, lazima umlete mchawi."

Sisemi kwamba filamu ndizo zilizoleta mauaji. Imani hizo ni kongwe kuliko runinga, na umaskini na tamaa vina mchango wao mkubwa. Lakini tunaishi mahali ambapo mantiki hiyo imeua. Wanawake wazee wameuawa Shinyanga, Mwanza na Geita kwa tuhuma za uchawi. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa sababu kuna walioaminishwa kwamba viungo vyao huvuta dhahabu. Mnamo Septemba 2009 Mahakama Kuu, katika kikao chake cha Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino kutoka Bukombe. Nyuma ya uhalifu huo kulikuwa na hadithi yenye pengo, ambayo mtu aliiamini mpaka mwisho bila kuuliza: kiungo cha mtoto na mwamba wa dhahabu vinaunganaje?

Shangazi yangu ana macho mekundu. Ameyapata kwa kupikia kuni na magunzi kwa miaka zaidi ya ishirini, akiwalisha vijana wa watu. Huo ndio uzee wa wanawake wengi wa huku waliopikia moshini. Katika filamu, macho kama yake ndiyo anayopewa mchawi. Onyesho la namna hiyo likianza, yeye hasemi neno. Huomba kituo kibadilishwe, au huinuka kwenda kuangalia chai jikoni ambako hakuna chai. Jioni moja mtoto wa jirani, aliyekuja kutazama pamoja nasi, aliyatazama macho ya kwenye runinga, kisha akayatazama ya shangazi. Tangu siku hiyo sijaweza kumsikia mtu akisema "ni igizo tu" nikanyamaza.

Kiswahili chenyewe kimekwisha kutuonyesha jambo hili linapoelekea. Usanii ni kazi ya heshima, lakini mtu akisema kiongozi fulani "analeta usanii" hamsifii. Tunasema "acha maigizo", tunasema "hiyo sinema", tunasema mpango fulani ni "bongo muvi". Lugha ya ukosoaji wa tamthilia ndiyo lugha ambayo wananchi hutumia kukosoa siasa, nami nadhani hilo si bahati mbaya. Ni uwezo uleule wa akili, uliozoezwa sebuleni na kwenye benchi: uwezo wa kuona kwamba kati ya sehemu ya tatu na ya tano kuna sehemu ya nne ambayo hatukuonyeshwa.

Mnamo Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba TBC ingeacha kurusha moja kwa moja vikao vya Bunge, kwa sababu ya gharama. Badala yake tukapewa kipindi cha usiku kilichohaririwa, kikiitwa Leo katika Bunge. Mtu anaweza kuijadili hoja ya gharama, lakini kwa mtazamaji mbishi badiliko lilikuwa dhahiri siku ya kwanza. Mbunge anaonekana akiinuka, kisha waziri anaonekana akijibu, na swali lililojibiwa limebaki mezani kwa mhariri. Huko Kahama nilimsikia fundi baiskeli akisema kwamba sasa Bunge nalo limekuwa na matangazo ya biashara katikati.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni makinikia. Bulyanhulu na Buzwagi, migodi iliyohusika, yote ilikuwa katika eneo la Kahama, hivyo sisi tulikuwa mstari wa mbele katika utazamaji. Machi 2017 usafirishaji wa makinikia ulizuiwa, na makontena 277 yakakwama bandarini Dar es Salaam. Mei na Juni kamati mbili za maprofesa zikasoma ripoti zao mbele ya Rais na mbele ya kamera, nchi nzima ikitazama. Julai ukatolewa mlima wa madai ya kodi, riba na adhabu wa takriban dola bilioni 190 za Marekani. Kampuni ilikana. Oktoba 2019 yakatangazwa makubaliano: dola milioni 300, hisa za asilimia 16 kwa Serikali katika migodi, kampuni ya Twiga, na kugawana manufaa ya kiuchumi nusu kwa nusu.

Inawezekana kabisa kwamba makubaliano hayo yalikuwa bora kwa nchi kuliko kesi ya miaka kumi nje ya nchi. Inawezekana pia kwamba deni la kwanza lilikuwa la kufungulia mazungumzo, na kwamba sehemu yake kubwa ilikuwa riba na adhabu. Wapo wachumi wanaoweza kutetea kila upande kwa hoja nzito. Lakini binamu yangu aliniuliza swali la mtazamaji: "Mwalimu, mwanzo bilioni 190, mwisho milioni 300. Katikati zimepotea sehemu ngapi?" Kiasi cha mwisho ni chini ya sehemu moja ya mia sita ya kile cha kwanza. Binamu hakudai kwamba kuna mtu ameiba. Alidai kuonyeshwa njia ambayo tarakimu zilipita. Huyo ndiye mfadhili anayesamehe deni bila kuambiwa chochote, na benchi lina haki ya kunung'unika.

Kwenu watumishi wa umma mnaosoma hapa, najua mtazamaji wa namna hii huchosha. Anapoinuka kwenye mkutano wa kijiji na kuuliza, ni rahisi kumwona kama mtu aliyetumwa. Nawaomba mfikirie kwamba huenda amefanya tu kile anachokifanya kila jioni mbele ya runinga. Migodi mikubwa hulipa halmashauri ushuru wa huduma unaokokotolewa kutokana na mapato yake. Tangu sheria ya madini ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2017, kila mwaka mwenye leseni anatakiwa kuandaa mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na serikali ya mtaa. Mwananchi huona ukurasa wa kwanza, ambao ni fedha, na ukurasa wa mwisho, ambao ni bango lenye picha ya zahanati. Zahanati ikiwa haina mganga, anauliza imekuwaje. Jibu linaweza kuwa jema na la kweli: mkandarasi alichelewa, ikama haikupitishwa, bei ya saruji ilipanda. Lisipotolewa, pengo litajazwa na mtu mwingine, na huko kwetu tumeona yanayoweza kuingia kwenye pengo.

Kwenu wanafunzi wangu, muhula ujao tutaanza na zoezi moja. Kila mmoja atachagua kisima, darasa au barabara moja katika halmashauri ya kwao, na atatusimulia historia yake kwa kurasa nne, kuanzia fedha zilipotoka hadi siku mtu wa kwanza alipokitumia au alipokikuta kibovu. Wahusika wote waonekane, pamoja na wale wanaoshika daftari la madeni. Msimulizi akiruka hatua, darasa zima linaruhusiwa kumkatiza. Shangazi amekubali kuja siku moja kusikiliza, mradi tumlipie nauli ya basi kutoka Kahama, kwenda na kurudi. Ameniambia hataki ahadi, anataka kujua fungu la nauli hiyo limetoka wapi.